Ni Mkono, Si Chuma

Mgeni akinunua bastola ya Tolliver, hukaa nayo mwezi mmoja halafu huanza kulalamika. Eti nzito. Eti ina sura mbaya. Eti risasi zinakwama. Watu wa Harmon Fork, kule kwenye mabonde ya West Virginia, wamezisikia lawama hizo mpaka zimewachosha. Kwa uzito na sura hawabishi, maana kweli ile bastola imekaa kama kitasa cha mlango wa jela. Lakini la kukwama hawalikubali hata umwage machozi. Watakujibu kwa ubishi wa watu ambao baba zao na mama zao walikula mshahara wa kiwanda kilichoitengeneza mpaka kilipofungwa: ni mkono, si chuma.

Na hawasemi uongo. Bastola ya aina ile hujipakia yenyewe. Ukifyatua, nguvu ya risasi inasukuma nyuma kile chuma cha juu, ganda tupu linatupwa nje, kisha chuma kinarudi mbele na risasi mpya. Sasa, ili chuma kifike nyuma kabisa, lazima mkono ulioshika usimame imara. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na chuma chake, safari inaishia njiani, na ganda linabanwa mdomoni, nusu ndani nusu nje. Zipo bastola zinazovumilia mikono milegevu. Tolliver haina uvumilivu huo.

Aliyeitia kauli hiyo midomoni mwa watu ni Burl Ketchum. Kazi yake kiwandani ilikuwa moja tu: kila bastola iliyotoka kwa mafundi aliijaribu yeye kwa risasi za kweli kabla haijatiwa kwenye boksi. Ikimridhisha, aligonga herufi B ndogo chini ya mpini. Isipomridhisha, iliwarudia mafundi, na maneno makali juu. Kwa hiyo ukiisema vibaya Tolliver mbele ya Burl ni kama umemwambia usoni kwamba alikuwa akipokea mshahara wa bure. Wageni waliomletea malalamiko aliwasikiliza mpaka mwisho, akaichukua bastola yao, akapiga risasi zote bila hata moja kukwama, akawarudishia. "Ni mkono," anawaambia, halafu anaendelea na kahawa yake.

Wendell Shupe alikuwa shemeji yake, kwa maana Burl alimwoa Opal, dada mkubwa wa Wendell. Wendell alikuwa mtu wa kusambaza mitungi ya gesi, mpole, mnene kidogo, asiyependa ugomvi hata wa kwenye televisheni. Baba yao alikufa mapema, na aliyemfundisha Wendell kuendesha gari, kuchinja kulungu na kushika bastola ni Burl huyo huyo. Alikuwa akisimama nyuma yake, anamkamata kifundo cha mkono na kukikaza kwa vidole, huku akimtania kwamba ana mikono ya kukanda keki. Wendell alikuwa amezeeka sasa, ana wajukuu, lakini kila akishika bastola bado alivihisi vidole vile.

Kila mwaka majani yakianza kuwa mekundu, wenye Tolliver hukutana kwenye uwanja wa shabaha ulio nyuma ya shamba la Marlene Stobbs, chini ya mlima. Wanapika maharage kwa nyama ya kulungu na pilipili, wanaoka mkate wa mahindi, wanakunywa kahawa chungu nzima. Kisha kila mmoja anasimama mbele ya wenzake, anasema anavyoiona bastola yake, uzuri na ubaya, bila kuficha, halafu anapiga risasi za magazini nzima watu wakitazama. Ikikwama, haiachwi hivi hivi. Inapitishwa mikononi, kila aliyepo anapiga risasi chache, mpaka ijulikane mwenye kosa ni chuma au ni mtu. Likiwa kosa la chuma, mwenye bastola anavaa aproni moja ya kale, imedariziwa majogoo, anawapakulia watu wote na kuosha vyombo, yeye anakula wa mwisho. Likiwa kosa la mkono, havai kitu, lakini atachekwa mpaka mwaka mwingine. Burl hakuwahi kuivaa ile aproni, wala hakuwahi kuchekwa.

Siku mbili kabla ya mkutano wa mwaka huo, Opal alikuja kwa Wendell akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Mdogo wangu," akasema, "mkono wa Burl umeharibika."

Akaeleza. Vikombe vinamponyoka. Vifungo vya shati vinamchukua muda hadi anakasirika na kuvaa fulana. Kijiko kimehamia mkono wa kushoto, na akiulizwa anasema anajifunza. Bastola yake mwenyewe, ile ya kwanza kabisa aliyoigonga B, imeanza kumkwamia uani, na yeye kila wiki anaagiza springi mpya ya kurudisha chuma mbele. Meza nzima ya chakula imejaa springi na makopo ya mafuta na risasi za kila aina. Opal alishapiga simu kliniki, na muuguzi akamwambia mtu wa namna hiyo asicheleweshwe hata kidogo, maana ugonjwa wenyewe, kama ndio huo wanaouhofia, unataka kuwahiwa. Burl hataki kusikia. Anasema daktari hawezi kutengeneza springi.

"Sasa Jumamosi itamkwamia mbele ya watu," Opal akasema. "Mwache. Ipitishwe mikononi, aone kwa macho yake kwamba ni nzima. Atakosa pa kukimbilia. Sikuombi umwambie neno, Wendell, najua ulivyo. Nakuomba usimfichie."

Wendell akaahidi. Aliahidi kwa moyo wake wote, na usiku hakuona tabu kulala, maana kutofanya kitu ni kazi aliyoiweza.

Jumamosi ikafika na jua la baridi. Waliokuja hawakuwa wengi. Kila mwaka wanapungua, ndivyo ilivyo. Marlene, mwenye shamba na mwenye saluni ya nywele mjini, alisimama wa kwanza kama kawaida yake. Alisema bastola yake ni mbaya kwa sura, mfuko wa mkoba umechanika mara mbili kwa uzito wake, na asingeibadilisha hata kwa mbili mpya, kwa sababu akifunga saluni peke yake jioni na kuigusa anajua amegusa kitu. Akapiga zote, safi. Baada yake akaja Dex, kijana wa bima aliyeoa pale, ambaye Tolliver aliirithi kwa mkwe wake. Masikini Dex akajaribu kusema ukweli. Alisema ni bastola ya heshima, lakini siku hizi zipo za plastiki, nyepesi, zinakula risasi yoyote, bei nusu. Watu wakamzomea mpaka akacheka mwenyewe. Mmoja akamuuliza kama na mke angependa wa plastiki. Dex alipopiga, ya pili ikakwama, na kabla hajasema lolote uwanja mzima ukamjibu: ni mkono. Akakaza mkono, zilizobaki zikatoka vizuri. Burl, aliyekaa kwenye kiti cha kukunja na mikono ndani ya mifuko ya koti, hakuitikia pamoja na wengine. Wendell aliliona hilo, likamkaa kifuani.

Zamu ya Burl ilipofika, watu walinyamaza kwa heshima. Hotuba yake waliijua, lakini walipenda kuisikia, namna alivyokuwa akisema kwamba ameshika bastola nyingi kuliko mikono ya watu aliyosalimiana nayo, na hajaona ya kumshawishi aiache hii. Mwaka huo hakuhutubia. Alisema tu kwamba springi za siku hizi ni takataka na risasi za siku hizi hazina nguvu, tusubiri tuone. Akavaa vizibo vya masikio, akageukia mlima, akapiga. Moja ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ganda likabanwa.

Burl akaliondoa ganda, akachelewa kidogo kuliondoa, akapiga tena, likabanwa tena. Akaliondoa. Likabanwa. Pale pale mtu mmoja nyuma, kwa mazoea tu, alifungua mdomo kusema yale maneno, akaumeza ulimi.

"Springi," Burl akasema. "Niliwaambia. Ipitisheni."

Ikapitishwa. Marlene akapiga, kama maji. Dex akapiga, Dex huyo huyo wa bima, haikukwama. Waliofuata wakapiga, na kila mmoja aliyemaliza aliiweka mezani polepole na kuondoka bila mzaha, akitazama viatu vyake. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko zote zilizopigwa siku ile, na kila ganda lililoanguka lilimnyang'anya Burl kitu. Opal alisimama kando ya sufuria la maharage, mwiko mkononi, hakorogi. Akabaki Wendell.

Wendell akaichukua. Angeweza kupiga tu, kama alivyoahidi. Lakini aligeuza kichwa, na hilo ndilo kosa lake, maana alikutana na macho ya shemeji yake. Burl hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa. Wendell hakuwahi kumwona Burl akiogopa, hata siku alipopinduka na trekta. Mzee yule aliyeitetea bastola ile maisha yake yote alikuwa amesimama pale anaiombea iwe mbovu.

Basi Wendell akageukia mlima, akalegeza kifundo cha mkono, akafyatua. Ganda likabanwa.

"Imekwama," akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba.

"Si nilisema?" Burl akasema. "Si nilisema ni springi?"

Loo, watu walivyopumua. Walicheka kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, wakapiga makofi, aproni ya majogoo ikaletwa, Marlene akamfunga Burl nyuma, na Burl akainama kama mchezaji wa maigizo. Ketchum amevaa majogoo. Nani alitegemea kuiona siku hiyo. Akapakua maharage kwa mkono wa kushoto, akimwaga hapa na pale, akiwatania watu, na watu wakimtania. Wengi wao walikuwa wameona. Wenye Tolliver si watoto, mkono uliolegezwa kusudi wanaujua. Lakini kila mmoja alifurahi kuuamini uongo ule.

Opal hakucheka. Aliweka mwiko chini, akapita mbele ya Wendell bila kumtazama, akaenda kukaa ndani ya pikapu na kufunga mlango. Wendell alijaribu kula, chakula kikawa kama karatasi. Alijiambia kwamba amefanya jambo la utu. Alijiambia kwamba Burl ni mtu mzima. Alijiambia mengi, na kila alipotazama ule mlango wa pikapu uliofungwa, yote yalimwisha. Alikuwa amempa shemeji yake sababu ya kukaa nyumbani mwaka mzima mwingine akinunua springi, na kama kuna kitu cha kuwahiwa, kitakuwa kimeshapita.

Watu walipoanza kukusanya viti, alimfuata Burl kule nyuma ya banda, kwenye beseni la kuoshea vyombo. Burl alikuwa amempa mgongo. Sahani zilikuwa bado chafu, maji yalikuwa yameshapoa, naye hakuwa akiosha.

"Shemeji," Wendell akasema, "nina neno."

"Ulivyoishika," Burl akasema bila kugeuka, "ungedhani umeshika panya aliyekufa mkiani."

Wendell akasogea hatua moja karibu na beseni.

"Nilikufundisha mimi, Wendell. Ule mkono niliutengeneza kwa vidole vyangu. Unadhani sitaujua ukiongopa?"

"Ulijua pale pale?"

"Kabla ganda halijabanwa." Akacheka kidogo, bila furaha. "Na nikafurahi. Nilijua ni uongo, nikafurahi hivyo hivyo. Nikataka nile maharage kama mtu mwenye mkono mzima. Ndivyo nilivyo, sasa umejua."

Wendell alimwambia kwamba Opal alikuwa amemwomba asifiche, kwamba alimwahidi, kwamba amemsaliti dada yake kwa sababu hakuweza kuyatazama macho yale. Aliyasema ovyo ovyo, mengine mara mbili, na mwishoni akawa analia, mwanamume mzima mwenye wajukuu. Burl alimsikiliza, bado amempa mgongo, kama alivyokuwa akiwasikiliza wageni na malalamiko yao.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nifungue hii aproni. Najaribu tangu watu waanze kula."

Wendell akatazama. Zile kamba mbili nyuma ya mgongo zilikuwa zimefungwa fundo la kawaida tu, ambalo mtoto angelivuta likafunguka. Mkono wa kulia wa Burl ulikuwa juu yake, vidole vinatembea vikitafuta ncha ya kamba, vinaigusa, vinaiacha. Vilikuwa vidole vile vile. Wendell akaishika kamba akaivuta, na aproni ikalegea.

Burl akaivua kichwani, akaikunja vibaya, akaitia kwapani. Kisha akatoka nyuma ya banda akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ambapo bastola yake ilikuwa bado imelala, tupu, chuma chake kimefunguliwa. Watu walikuwa wanaaga. Hakupandisha sauti, lakini walisimama wote, kwa sababu ni Burl.

"Sikutoa maoni yangu leo," akasema. "Nayatoa sasa. Hii bastola ni nzito na ina sura mbaya. Nimekaa nayo miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu, na haijanidanganya hata mara moja. Springi yake ni nzima. Risasi zake ni nzima. Mtu akiulizwa habari zake leo, aseme hivyo." Akauweka mkono wake wa kulia mezani, kando ya bastola. "Ni mkono."

Hakuna aliyecheka. Marlene alifunika mdomo kwa kiganja. Dex akavua kofia, halafu akaona ni kama yuko msibani, akaivaa tena. Mlango wa pikapu ukafunguka, Opal akashuka, akaja akasimama pembeni ya mumewe. Hakumkumbatia, hakusema nimekwambia. Akautoa mkono wa kulia wa Burl pale mezani, akautia ndani ya mfuko wa koti lake mwenyewe, pamoja na wake.

"Sasa kuna jambo la sheria," Burl akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi kidogo. "Aproni imevaliwa na mtu ambaye bastola yake haina kosa, na bastola imesingiziwa mbele ya watu. Yuko aliyefanya hivyo."

Watu wote wakamgeukia Wendell. Wengine walianza kutabasamu, kwa hofu hofu kwanza, hawajui kama inaruhusiwa. Wendell akasogea mbele mwenyewe, akainamisha kichwa kama ng'ombe anayejipeleka zizini, Burl akamvika ile aproni kwa mkono wa kushoto. Zilibaki kamba za nyuma. Burl akazitazama, akamtazama mkewe.

Opal akautoa mkono mfukoni, akaenda nyuma ya mdogo wake. Alizikaza zile kamba kwa nguvu hadi pumzi ikamtoka Wendell, akafunga fundo, akafunga la pili juu yake, akavuta tena.

"Jumatatu asubuhi tunakwenda kliniki," akasema karibu na sikio lake. "Wewe ndiye utakayeendesha. Na utaingia naye ndani, Wendell, na akiulizwa anajisikiaje akasema mzima, wewe utasema kweli."

"Nitasema," Wendell akajibu.

"Sasa nenda ukaoshe vyombo."

Akaenda. Maji yalikuwa baridi na mafuta ya nyama yalikuwa yameganda kwenye sahani. Alipokuwa akisugua alisikia nyuma yake hatua za Burl, na kiti cha kukunja kikifunguliwa kwa shida, mara mbili, mara tatu. Hakugeuka kumsaidia. Alisubiri mpaka kikafunguka.